Mzee wa Ng'ambo anakataa nusu

Juzi binti yangu karudi na kazi ya shule: ataje makabila matano na asili ya kila moja. Akaanza na letu. "Baba, tulianza lini kuwa Wanyamwezi?" Nikamwambia amalize kula kwanza.

Swali hilo niliwahi kulisikia likibishaniwa barazani kwetu Ng'ambo, Tabora, nikiwa kidato cha tano. Wabishani walikuwa babu na profesa mmoja Mwingereza ambaye hawakuwahi kuonana.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa ameniazima kitabu cha John Iliffe, ile historia ya Tanganyika iliyochapwa Cambridge mwaka 1979. Kitabu kinene, kurasa zaidi ya 500. Mwalimu alisoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Iliffe aliwahi kufundisha, na alikinukuu kama shehe anavyonukuu hadithi za Mtume. Mtihani ulikuwa karibu, nami nilikuwa nasoma huku nikimfasiria babu ili nisisinzie.

Babu alikuwa anamenya karanga. Nikafika pale Iliffe anaposema Waingereza walikosea kudhani kila Mtanganyika ana kabila lake lenye mipaka, na kwamba gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia machifu, sheria yake ikitoka mwaka 1926, Watanganyika wenyewe ndio walioyaunda makabila ili wapate pa kusimama ndani ya serikali ile.

Mikono ikasimama. "Hebu rudia."

Nikarudia. Akatupa ganda uani, akacheka. "Kweli kabisa. Mimi nilikuwepo." Akasimulia alivyofuatana na baba yake bomani kulipa kodi. Karani akauliza kabila. Mzee akajibu, mimi mtu wa Unyanyembe, wa mtemi Fundikira. Karani hakuinua hata uso, akaandika Mnyamwezi. "Tukaingia humo na watu wa mtemi Mirambo, waliotupiga vita, wote daftari moja. Tumerudi nyumbani ni ndugu!"

Nikadhani yameisha. Nikafunua ukurasa, akauzuia kwa kiganja kizima, chumvi ya karanga ikabaki kwenye karatasi.

"Sasa muulize huyo Ailifu wako. Alipokufa bibi yako, yule Mzaramo aliyekalia majembe, akakataa kaburi lisichimbwe mpaka alipwe, alitumwa na gavana?"

Nikanyamaza.

"Utani ule ni wa safari za pwani, wa mizigo ya pembe. Mzungu hajajenga reli. Mzaramo alijuaje kuwa anamtania Mnyamwezi, kama Mnyamwezi hayupo?"

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kitabu cha Cambridge mapajani, na sikuwa na la kumjibu. Akaniamuru nichukue penseli niandike pembeni: Mzee wa Ng'ambo anakubali nusu, anakataa nusu. Nikamwambia kitabu ni cha mwalimu. Akasema ndiyo maana anataka iandikwe.

Mengine niliyajua baadaye sana. Hoja ile ya Iliffe ilitembea mbali: Terence Ranger, naye aliyekuwa profesa Dar es Salaam, aliitegemea katika insha yake ya mwaka 1983 kuhusu mila zilizobuniwa zama za ukoloni, na insha hiyo ikasomwa dunia nzima. Baada ya miaka kumi Ranger mwenyewe akaanza kulegeza kamba. Mwaka 2003 mwanahistoria Thomas Spear akaandika kwamba mkoloni hakuweza kubuni kitu kutoka hewani. Ilimbidi ashike kile ambacho watu walikuwa nacho tayari. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu maktaba, hadi jirani akanigeukia. Ila nisimkweze babu kupita kiasi. Kuna siku alisema ukweli wa daftari la karani, siku nyingine wa majembe ya msibani, na sijui kama mwenyewe aliona shida yoyote kuwa na vyote viwili.

Kitabu nilikirudisha na maneno yale ya penseli. Mwalimu akakisoma pale pembeni akiwa amesimama, akauliza mzee huyo ni nani. Nilitegemea ukali. Kesho yake akaandika maneno ya babu ubaoni, bila jina, akatupa vipindi viwili tubishane ni nusu ipi.