Mjomba, liache shamba lichafuke kidogo

Hapa Marafa mjomba wangu anasifika kwa usafi wa shamba. Akimaliza palizi huoni hata jani. Mabua anayarundika, anayatia kiberiti, kisha anasimama mikono kiunoni kama aliyemaliza kufagia ua. Mimi ninayelima ng'ambo ya njia naitwa mvivu.

Lakini njoo ututembelee baada ya mvua ya masika. Kwake matone yamepiga udongo mtupu, chembe zimesambaratika na kuziba vitundu vya juu. Jua likitoka linabaki gamba jembamba, gumu. Libandue kwa kidole, chini vumbi tupu. Maji yalipita tu, tena yakiwa mekundu. Kwangu, chini ya kunde na majani makavu, udongo una ubaridi na nyungunyungu wamo. Ng'oa mche wa kunde taratibu uone vinundu mizizini, kisha pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa na wekundu ndani, bakteria wako kazini, wanavuta naitrojeni ya hewani.

Mjomba ana jibu lake: majivu ni mbolea. Hakosei sana, potasiamu imo, na mahindi ya msimu wa kwanza huchangamka. Ila naitrojeni nyingi ya yale mabua imeondoka na moshi, na kile ambacho kingeoza kikashika maji hakipo tena.

Cha kuchekesha, Nyari iko papa hapa kwetu. Watalii wanatoka Malindi na kulipa kiingilio kutazama korongo lililochimbwa na mvua na upepo, halafu sisi tunarudi shambani kufagia! Na ukivuka daraja la mto Sabaki wakati wa mvua, tazama chini: ule wekundu ni mashamba ya watu, mengine ya mbali huko bara, yanaelekea baharini kufunika matumbawe.

Sikatai, matandazo, yaani haya majani na mabua ninayoyaacha juu ya udongo, yana adha zake. Mchwa hawachezi, kwa hiyo nayaweka mbali kidogo na miche ya miembe. Magugu mengine lazima yang'olewe, ingawa mchunga nauacha, ni mboga ile.

Adha kubwa ni mbuzi. Mavuno yakiisha wanafunguliwa, na kunde zangu hazimalizi wiki. Nimemwendea mjomba, maana wengi ni wake: awakatie mabua ya juu awalishe zizini, vishina na kunde vibaki. Amesema atafikiria, lakini kwanza nipalilie ule mpaka wetu, unamtia aibu.