Nilivyolinusuru zulia langu la kulabu la kizamani

Wadau, huku Maine, Marekani, ninakoishi kuna haya mazulia ya zamani ya kulabu, yaani mtu anawamba gunia la juti kwenye fremu, anachana nguo kuukuu za sufu vipande vyembamba halafu anavivuta kwa kulabu toka chini vinatokea juu vitanzi vitanzi mpaka picha itimie. Karne ya 19 ilikuwa kazi ya nyumba zisizo na hela ya zulia la dukani, leo makumbusho ya Shelburne kule Vermont yanayaweka kama sanaa.

La kwangu nililikuta mnadani, lina simba. Kabla sijataja bei nikaligeuza, maana nyuma ndo hakuna kudanganywa. La mkono utaona picha ileile nyuma na mistari imepindapinda, ukikuta gundi ya mpira au kitambaa kimebandikwa hilo mara nyingi ni la juzijuzi, achana nalo. Nikakunja kona taratibu huku nimetega sikio, gunia lililokwisha linalia kra kra, hili likanyamaza. Nikalichukua.

Simba wa kwenye mazulia ni wengi sababu ya Edward Sands Frost, mchuuzi wa Biddeford hukuhuku Maine, alikata stensili za bati, yaani vibao vyenye matundu ya picha, akawa anachapa picha kwenye magunia na kuuza. Wangu sio wa Frost, uso kama wa mtu na mkia umeota mgongoni, nahisi aliyemchora hajawahi hata kusimuliwa simba vizuri! Ila wakusanyaji wanapenda zaidi haya ya kujichorea, na mimi nipo nao.

Kusafisha sikugusa maji, gunia linaoza na rangi zinachuja. Nilisubiri theluji kavu ya unga, nikaliacha kwanza nje lipoe, nikalilaza kifudifudi, nikalipapasa kwa kiganja na kulifagia. Theluji ilibaki nyeusi tii. Hii ni kwa gunia ambalo bado imara tu, na msilikung'ute wala kulipiga fimbo jamani.

Sikulitandika chini. Nilishona kwa mkono kitambaa cha pamba juu kwa nyuma, nikapitisha fimbo, nikalitundika ukuta usiopigwa jua. Shangazi kaliona kwenye video akauliza matambara ukutani ya nini, nikacheka tu. Ukilihifadhi liviringishe, picha iwe nje, usilikunje kama shuka.

Sasa nayamezea mate mazulia ya misheni ya Grenfell, ya Newfoundland na Labrador huko Kanada, yale yaliyotungwa kwa soksi za hariri za kina mama, ila bei zake bado zinanikimbiza.