Trafiki akipiga mkono na wewe uko 80

Kutoka Mtwara mjini kwenda Lindi lami ni ile ile moja: Mikindani, halafu Mnazi Mmoja pale inapoungana na barabara ya Masasi, kisha unaingia Lindi. Kwa hiyo dereva anayempita trafiki makusudi ananishangaza. Wewe una gari, yeye ana simu, na mwenzake yuko mbele.

Sheria yenyewe ni ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973. Askari mwenye sare akikuashiria usimame, unasimama. Kutosimama ni kosa linalojitegemea, halimezwi na lile ulilokuwa unalikimbia. Faini ya papo kwa papo huhesabiwa kwa kila kosa: 30,000 kwa gari, na tangu 2021 ni 10,000 kwa bodaboda na bajaji. Aliyekimbia kwa sababu ya mkanda ameshajiongezea kosa la pili, na hilo la pili linaweza kumfikisha mahakamani. Kujificha nyuma ya namba ya gari hakusaidii, maana mwenye gari ataulizwa siku ile lilikuwa na nani.

Ishara zenyewe wengi wanazichanganya. Mkono ulioinuliwa juu, kiganja kikikutazama, unasimamisha wanaotokea mbele ya askari. Mkono ulionyooshwa pembeni unawasimamisha walio nyuma yake. Na askari akiwa katikati ya njia panda, fuata mkono wake hata kama taa inawaka kijani.

Sasa tatizo la kweli: kumwona umechelewa. Kwenye 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, halafu breki kwenye lami kavu, jumla ni kama mita 55 hadi 60 kwa gari dogo lenye matairi mazima. Kwenye 50 haifiki 30. Lori la korosho lililojaa linahitaji zaidi ya hapo, na mvua ikinyesha ongeza tena.

Basi usikanyage breki ghafla, kuna Coaster nyuma yako. Kioo kwanza, indiketa ya kushoto, punguza, toka nje ya lami taratibu. Huku kwetu pembeni kuna mchanga mwingi. Tairi za kushoto zikiuingia huku breki imekazwa, gari linaweza kuyumba na kukushinda. Ukiwa umempita, nenda mbele hadi pembeni palipo wazi, washa hazadi, zima injini, msubiri au mrudie kwa miguu na leseni mkononi. Kurudi rivasi barabara kuu ni kosa jingine kabisa. Hazadi na indiketa ndizo zinazomwonyesha kwamba hukukimbia.

Wa bodaboda ndio wanaoniudhi zaidi: wakiona nguo nyeupe wanageuza palepale, bila kutazama kinachokuja nyuma. Trafiki hajamgonga mtu hapo, lori ndilo linalogonga.

Usiku, kama huna uhakika anayemulika kurunzi ni askari, punguza mwendo, washa hazadi, simama penye mwanga kama kituo cha mafuta, na piga 112 ueleze uko wapi.

Kabla ya safari ndefu ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa madeni wa polisi. Deni likionekana, lipa kwa kontroo namba na ule ujumbe wa malipo usiufute.