Nilishuka Lindi

Kwa miaka mingi Lindi niliijua kupitia dirisha la basi. Ukitoka Mtwara kwenda Dar, gari linaingia stendi, wauza korosho wanagonga vioo, abiria wawili watatu wanashuka, safari inaendelea. Mwezi uliopita nikasema safari hii nashuka. Nikapanda kosta alfajiri, nikamwambia konda mwisho wangu Lindi mjini. Akanishusha Mnazi Mmoja, njia panda ya Masasi, akaapa kwamba ndivyo nilivyosema. Nikadandia gari jingine, mkononi nina pakiti ya korosho ambayo sikupanga kuinunua.

Saa tatu hivi nilikuwa ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa, na mashua moja kubwa imelazwa ubavu juu ya magogo. Chini yake mzee mmoja alikuwa anakalafati, anaziba nyufa za mbao. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Unanunua chombo au unatazama?"

"Natazama tu, mzee."

"Basi sogea kivulini. Kutazama hakulipiwi ushuru."

Alikuwa anasokota pamba iliyolowa mafuta kati ya viganja mpaka inakuwa kama utambi mnene, anailaza kwenye ufa baina ya mbao mbili, kisha anaishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti. Tak, tak, anasogea nusu shubiri, tak, tak. Nilidhani kazi ni kujaza ufa mpaka ushibe. Akanikatalia: mbao zikiingia majini zinavimba, na zenyewe ndizo zinazoibana pamba. Ukishindilia kupita kiasi unazipasua. Ukishindilia kidogo, "chombo kinakunywa bahari."

Katika Kiswahili lindi ni shimo refu, mahali penye kina. Ndiyo maana tunasema mtu amezama katika lindi la mawazo. Ajabu ni kwamba mji wenye jina hilo uliangushwa na uhaba wa kina. Misafara ya pembe na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliteremkia hapa, na mnara wa mviringo wa enzi za Waarabu ungali umesimama karibu na ufukwe. Wajerumani wakajenga boma lao, Waingereza wakaifanya Lindi makao makuu ya Jimbo la Kusini. Halafu zikaja karanga. Mpango wa Waingereza wa kulima karanga kwenye mashamba makubwa ulianza 1947, mashamba ya huku yakawa Nachingwea, na mwanzoni mizigo ilipitia Mkwaya, ndani kwenye mlango wa mto Lukuledi, ambako reli ilianzia. Lakini meli kubwa zilitaka maji marefu, na maji marefu yako Mtwara. Gati la Mtwara lilifunguliwa 1954, wakati ofisi za jimbo zimeshahamia huko na mpango wa karanga umeshakufa tangu 1951. Reli nayo ikang'olewa miaka ya 1960. Mimi ni mtu wa Mtwara, kwa hiyo naandika haya nikiwa na haya kidogo: tulirithi bandari iliyojengwa kwa ajili ya zao lililoshindikana, korosho zikatuokoa.

Ila mzigo ninaoufikiria zaidi ulipita hapa Lindi, kabla ya gati la mtu yeyote. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walikuwa wanachimbua mifupa ya dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru, kama kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji. Nasema Wajerumani, lakini walioshika majembe walikuwa wenyeji, mamia kwa mamia, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha 1907 tu, na njaa iliyofuata ilikuwa bado haijasahaulika matumboni. Watu hao hao wakabeba mifupa vichwani na mabegani, mwendo wa siku tatu nne kwa miguu, mpaka pwani hii. Tani zaidi ya 200. Mmoja wa wanyama hao alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na leo kimo chake ni mita 13.27. Huku kwetu tunamwita mjusi tu, na mara kwa mara bungeni huulizwa kama atarudi, au walau kama atatuletea chochote.

Nilipomtajia mzee habari hizo hakuacha kugonga. "Na wakati wa kurudi," akauliza, "hao wapagazi walibeba nini?"

Mchana nilivuka kwa pantoni kwenda Kitunda. Ndani kulikuwa na akina mama na ndoo zao, wanafunzi, magunia ya nazi, bodaboda wawili. Katikati ya maji nikageuka kuutazama mji: mabati yenye kutu, minazi, vilima nyuma yake. Uzuri wake ni wa mtu asiyejua kama anatazamwa. Kijana mmoja aliyekalia pikipiki yake aliniambia amenunua kiwanja upande wa Likong'o, ambako mtambo wa kusindika gesi umekuwa ukitajwa kwa zaidi ya miaka kumi.

"Umeshajenga?"

"Nasubiri gesi, kaka. Kwa sasa nimepanda mihogo."

Nilikula pweza wa kukaanga kwa pilipili na ndimu, nikarudi ng'ambo kwenye saa tisa. Maji yalikuwa yamejaa. Mashua ilikuwa imesimama wima, inacheza kwenye kamba yake, na vijana wawili wanacheka ndani yake kana kwamba kazi imekwisha. Mzee akaingia majini mpaka kiunoni, akapanda, akainama kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo, na kupapasa mbao moja baada ya nyingine, pole pole, kama anayetafuta sindano gizani. Mkono ukasimama mahali. Akautoa, akalamba kidole.

"Chumvi," akasema, akamwambia kijana alete pamba.