Damu Isiyomfaa Dada

Usiku ule wa 2011 dada yangu alijifungua salama, kisha damu ikakataa kusimama. Alfajiri nikapigiwa simu: zinatakiwa chupa mbili, upesi. Nilitoka Ngamiani, mtaa wetu hapa Tanga, mbio, mkono wa shati nimeshaukunja njiani. Sisi ni tumbo moja, baba mmoja. Kama si mimi, nani?

Maabara, mtaalamu alinitoboa kidole, akadondosha damu kwenye kigae cheupe. Tone moja akalitia dawa ya buluu, ya kupima A, jingine ya njano, ya kupima B, akakoroga kwa kijiti na kukitikisa kigae taratibu. Penye njano damu ilibaki laini. Penye buluu ilikatika punje punje, kama maziwa yaliyoharibika.

"Wewe ni kundi A, mdogo wangu. Dada yako O. Yako haimfai."

Nilimbishia, karibu nilie. Hakunifokea. Alisema kila chembe nyekundu imeota vijinyororo vya sukari, na kinga ya mwili husoma vijinyororo hivyo, haisomi ukoo. Sisi wa A tumeongezewa sukari moja nchani, N-asetilgalaktosamini. Wa B wana galaktosi pahala pale pale. Wa O hawana nyongeza. Ni kwa kuchanganya damu za watu na kutazama zinavyoshikamana ndipo Karl Landsteiner, kule Vienna, alipoyatangaza makundi haya mwaka 1901.

"Lakini dada hajawahi kuongezewa damu," nikasema. "Kingamwili za kuipiga A kazitoa wapi?"

"Tumboni mwake mwenyewe." Kuna bakteria wa utumbo wenye sukari zinazofanana na hizo; tangu uchanga, mwili hujifunza kupiga zile usizokuwa nazo. Damu yangu ingeingia, chembe zingepasuliwa mishipani, figo zikazidiwa. Nilikuwa nimekimbia mji mzima kumpelekea dada kitu cha kumuua. Mpaka leo nikikumbuka, mikono inanilegea.

Mpangaji wetu, muuza samaki wa soko la Deep Sea, alikuwa O. Si ndugu, hata kabila si moja. Alikuja na magamba yamemgandia vidoleni. Mama aliishika ile mikono yote miwili, asiseme neno.

Nami nilijilaza kitanda cha pili nikatoa yangu. Ikaandikwa A kwa wino mweusi, ikawekwa kando, imngoje mwenyewe.