Daftari la Mzee Jones: siku moja katika karakana yangu ya Katuba

Saa 11 na nusu alfajiri. Mwezi wa saba hapa Lubumbashi baridi inauma, lakini kwangu ndio mwezi bora wa kazi. Wakati wa mvua karatasi haikauki, inaota ukungu. Sasa hewa ni kavu, na zile nilizoanika jana jioni nikizigusa zinalia kama majani makavu. Nawasha makala, nabandika sufuria ya chai. Hii si ya kunywa, ni ya kuzeesha karatasi: majani mengi, maji kidogo, ichemke mpaka iwe nyeusi.

Ninatengeneza nakala za vitabu vinavyoonekana kwenye filamu, vile ambavyo wahusika wanavishika mikononi. Wiki hii niko na daftari la Profesa Henry Jones, yule mzee aliyeigizwa na Sean Connery katika filamu ya tatu ya Indiana Jones, ya mwaka 1989. Ndani yake mzee ameandika yote aliyoyatafuta maishani juu ya Kikombe cha Yesu. Hadithi yenyewe inatokea mwaka 1938, kwa hiyo kalamu ya bic haigusi kurasa zangu, maana Bic ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1950. Naandika kwa kalamu ya kuchovya, mstari kwa mstari.

Saa 1. Chai imepoa. Wengi wanazamisha karatasi nzima, inatoka na rangi moja kote, na hapo kitabu kimeshakufa. Kitabu kilichotembea mfukoni miaka mingi huchakaa pale mkono ulipopita: pembe ya chini ambayo kidole gumba hufungulia, kingo, na ukurasa uliofunguliwa mara nyingi kuliko mingine. Napaka kwa brashi, kingo mara tatu, katikati mara moja. Halafu nashika pembe kwa vidole vyenye vumbi la makala, kurasa zote, kama mzee alivyokuwa akizishika.

Saa 3 napanda taksibisi kwenda mjini kuchapisha michoro kabla umeme haujakatika. Mwezi uliopita niliambiwa mashine ni ya leza. Haikuwa ya leza. Nilipopitisha chai, wino ulitiririka na karatasi 14 zikaharibika, na michoro ile nilikuwa nimeifanyia kazi siku sita. Niliumia sana. Siku hizi, kabla ya kulipa, nalowesha kidole na kukipitisha juu ya mchoro, mwenye mashine akiwa anaangalia.

Nikirudi napitia kwa mzee mmoja mfua shaba. Ananitengenezea pembe nne za kitabu cha mchawi, cha mchezo wa kuigiza wa shule. Shaba mpya inang'aa mno, kwa hiyo tunaifungia kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya siki na chumvi, mpaka iote ule ukijani wake. Leo bado. Mzee anasema, "Acha ilale tena."

Mchana bukari na sombe, haraka.

Saa 8 nashona, na hapa sitaki mtu aniite. Karatasi nne zinakunjwa pamoja, zinakuwa kurasa 16. Kabla ya kukunja napinda karatasi huku na huku. Inapopindika kwa ulaini ndiko nyuzi zake zinakolala, na huko ndiko mgongo wa kitabu uende. Ukikosea, kitabu hakitakubali kufunguka vizuri. Uzi naupitisha kwenye nta ya nyuki. Mgongo naupaka uji mzito wa unga wa muhogo, kisha ngozi, niliyoikata kwenye koti la mitumba lililochakaa viwiko. Mikunjo ya viwiko nimeiweka kwenye jalada la mbele makusudi. Hakuna msasa unaoweza kutoa mikunjo kama ile.

Saa 11 jioni anafika mwalimu, mwenye daftari.

"Mwalimu, unalitaka la wakati gani?"

Maana daftari hili linabadilika ndani ya filamu. Linafika kwa posta kutoka Venice likiwa zima. Kisha Indiana, mwana wa profesa, anachana kurasa za ramani na kumpa rafiki yake Marcus Brody. Baadaye, Berlin, Hitler mwenyewe analitia sahihi.

"Jina la mtu yule haliingii nyumbani kwangu," akasema. "Nipe la kabla ya Berlin."

"Basi ramani itachanwa."

Akalipapasa jalada. "Chana, Yaya," yaani mkubwa wangu.

Saa 2 usiku, kwa taa ya betri. Ningeweza kuacha ramani tangu mwanzo, lakini kitabu kilichochanwa lazima kwanza kiwe kilikuwa kizima. Naweka rula, sikati. Nachana kwa mkono, polepole, nikibakiza shina la upana wa kidole. Ukichana mpaka kwenye uzi, nusu ya pili ya karatasi ile, iliyo upande mwingine wa mkunjo, italegea na kudondoka. Kwenye shina umebaki mstari mmoja wa mto. Ramani yenyewe haina jina la mahali hata moja, kama ya Mzee Jones. Naikunja mara mbili, naitia kwenye bahasha yake peke yake, na bahasha naiweka rafu nyingine, mbali na daftari.