Kitabu cha Anti wa Bo-Kaap

Nilianza kupanda Wale Street Jumamosi saa nne asubuhi, upepo wa Cape Town ukinipeperusha kanzu. Mtu wa Lamu akifika Bo-Kaap, mtaa wa zamani wa Waislamu wa mji huo, hachukui muda kuzoea. Wazee wamevaa kofia, wanaitikia salamu, na madirishani inatoka harufu ya iliki na mdalasini. Kilichonikaba roho ni kreni ndefu ya ujenzi iliyosimama juu ya mapaa.

Nilikuwa naelekea Makumbusho ya Bo-Kaap, yaliyo namba 71, katika nyumba ya miaka ya 1760 yenye kibaraza mbele. Yalifunguliwa mwaka 1978. Humo ndani unasimuliwa maisha ya Waislamu wa mji huu, ambao babu zao waliletwa na Waholanzi wakiwa watumwa na wafungwa kutoka Indonesia, India, Madagaska na Msumbiji. Mmoja wao, Tuan Guru wa kisiwa cha Tidore, Indonesia, aliandika msahafu mzima kwa hifadhi yake akiwa kifungoni Robben Island, kisha akawa imamu wa kwanza wa Msikiti wa Auwal, hatua chache kutoka hapo.

Utawala wa ubaguzi uliitangaza District Six, mtaa mwingine wa mji huu, kuwa ya Wazungu mwaka 1966 na kuibomoa. Bo-Kaap ilinusurika. Sasa watu wanaondolewa na bei: nyumba ya jirani inauzwa kwa mamilioni ya randi, na kodi ya majengo ya mzee wa pensheni inapanda nayo. Mwaka 2018 wakazi waliziba barabara kupinga ujenzi, na 2019 serikali ikatangaza maeneo 19 ya mtaa huo kuwa urithi wa taifa. Nilifurahi kusikia hivyo, lakini tangazo halimlipii mtu kodi. Nimeyaona Shela, kwetu Lamu: nyumba zimetunzwa vizuri sana, wenyewe hawamo.

Nilipotoka, mlinzi alinielekeza kwa bibi mmoja anayeuza koesister mtaa wa juu. Ni maandazi ya viungo, yanachovywa kwenye shira ya moto kisha yanagaragazwa kwenye nazi kavu. Nilimwita Anti, kama wanavyomwita vijana wa mtaa. Aliposikia natoka Lamu, akaingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe.

Kilikuwa daftari la babu yake la chuo cha Kurani, wanaloliita koplesboek. Karatasi zimegeuka rangi ya chai, na pembeni pana alama ya kidole chenye wino. Herufi ni za Kiarabu, lugha ni Kiafrikana. Nilinyamaza kwa muda. Barua za bibi yangu mwenyewe ziko hivyo hivyo, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Macho ya Anti hayaoni tena maandishi madogo. Basi mimi nikawa natamka, herufi kwa herufi, maneno nisiyoyaelewa, naye anayasikia, ananisahihisha, anacheka, ananieleza maana yake kwa Kiingereza. Lilikuwa somo la udhu. Kwenye meza ya mlangoni palikuwa na barua tatu za madalali wa nyumba, hazijafunguliwa.

Saa sita kamili mzinga wa adhuhuri ukalia kutoka kilima cha Signal Hill, vioo vikatetemeka. Nilishtuka. Yeye hata hakugeuka. Alipapasa ukurasa uliofuata, akaufungua, akanisogezea daftari.

"Soma, kanala," akasema. Kanala, kwao, ni tafadhali.